Reli ya Baba na Theluji ya Dada

8 Januari

Mdogo wangu,

Tulikubaliana tuandikiane, basi naanza mimi kama kawaida. Kwenye simu baba anasikia kila neno, na wewe ukijua anasikia unakuwa mpole mpaka nakuogopa.

Swali langu ni hili. Ile nyongeza ya Milima ya Theluji niliyomnunulia kwenye gemu lake la treni, mbona haichezwi? Usiniambie hujui. Akaunti ya gemu ni yangu, niliifungua mimi, na simu yangu inanionyesha kila kitu: gemu limefunguliwa, gemu limefungwa, njia fulani imeendeshwa. Nikiwa huku chumba cha chini cha hoteli nakunja mashuka, simu inatetemeka mfukoni, natupa jicho, naona dereva yuko njiani. Basi najua baba kaamka, kakaa kwenye kiti chake, yuko vizuri. Wewe unamwona ukigeuza shingo tu. Mimi ninacho hicho.

Na theluji yangu imeendeshwa siku moja, tena safari yenyewe haikufika mwisho.

Ile nyongeza sikuichagua kwa pupa. Baba ameendesha treni maisha yake yote kwenye tambarare ya vumbi, na siku moja alisema mbele yangu kwamba angependa kuona injini ikipanda mlima mweupe. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Mimi nakumbuka.

Halafu naona kuna njia nyingine inayoendeshwa kila siku ya Mungu, na wala haimo kwenye vitu nilivyonunua. Imeandikwa "Reli ya Nyumbani". Hiyo imetoka wapi? Nani kamwekea?

Msalimie. Mwambie Kasuku anauliza.

Dada yako,
Kasuku


14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Baba hakukosea kukuita Kasuku, na huko mbali naona maneno yamekuongezeka.

Theluji yako aliiendesha. Alifika katikati ya mlima akasema miguu inamwingia baridi, akaomba soksi. Nikamvalisha soksi. Akasema bado. Akafunga. Hiyo ndiyo habari yote ya theluji, sijaifukia mahali.

Reli ya Nyumbani nimemwekea mimi. Zile ni modi, vitu vya bure ambavyo wapenzi wa gemu wanatengeneza wenyewe na kuwapa wengine. Kuna mtu mmoja anajiita Nati Legevu, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui anaishi wapi, ametengeneza injini nyekundu ya zamani kama ile ile aliyokuwa anaendesha baba, mpaka kioo cha pembeni chenye ufa. Unapakua faili, unalifungua, unalitumbukiza kwenye folda ya modi, unaomba Mungu. Mara ya kwanza gemu liligoma kuwaka. Mara ya pili injini ilitokea ikiwa haina magurudumu, inaelea kama mzimu, baba akacheka mpaka nikamshika asidondoke. Mara ya tatu ikakaa. Alipobonyeza honi, dada, aliibonyeza tena na tena. Ni honi yenyewe. Nilikuwa nashona sare za shule huku chumba cha mbele, nikasimamisha cherehani.

Hiyo ni kazi yangu. Haina risiti.

Na kwa kuwa umeniuliza na mimi nikuambie. Wageni wakija, baba anawaonyesha nini? Theluji yako. "Hii kaninunulia binti yangu aliye mbali." Wanashika vinywa. Mimi ndiye napita na sinia la chai katikati yao, nakwepa miguu. Hajawahi kuwaambia injini nyekundu imewekwa na nani. Akiniita mbele ya watu ananiita Bibi Afya, kwa sababu namfukuza na dawa nyumba nzima. Watu wanacheka. Nami nacheka.

Kwa hiyo usinililie kwamba theluji haichezwi. Inasifiwa, inatosha.

Mdogo wako,
Bibi Afya


22 Januari

Bibi Afya,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mapumziko, chai ikapoa. Mimi sikujua kwamba ananisifu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Unavyoniambia ni kama unanirushia maneno, lakini nimeyapokea.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Jumanne uliniambia baba amelala, hawezi kuja kwenye simu. Sawa. Mbona simu yangu ilionyesha gemu limewaka muda huo huo? Alhamisi ukasema mko hospitali kwa vipimo vya koo. Gemu limewaka. Nani alikuwa anaendesha, paka?

Niambie ukweli, unacheza wewe. Unamlaza baba, unakaa kwenye kiti chake, unatembeza hiyo injini yako nyekundu. Mimi nakunja mashuka ya watu, nakatwa mshahara kwa doa nisilolitia, ili baba apate kitu cha kumchangamsha, kumbe nachangamsha fundi cherehani.

Na mbona siku hizi haji kwenye simu kabisa? Zamani nikipiga alikuwa anapokea yeye kwanza na kuanza kupiga kelele kama yuko kwenye kichwa cha treni. Sasa kila siku ni wewe. "Amelala." "Anaoga." "Ametoka kidogo." Ametoka kwenda wapi mtu mwenye goti lile? Unamwambia nini kuhusu mimi?

Nimemnunulia nyongeza nyingine, Mabehewa ya Kifahari, yana taa na mapazia. Itajipakua yenyewe. Usiifute. Na hayo mambo ya bure uliyomjazia humo, siku yakiingiza virusi kwenye kompyuta usije kunililia. Mtu asiyejulikana, anayejiita nati, tena legevu, hampi mtu kitu bure.

Kasuku


25 Januari

Dada,

Sichezi mimi. Ndilo jibu utakalopata.

Baba ana uvimbe kooni, unajua. Watamfanyia upasuaji tarehe mosi ya mwezi ujao. Ni mdogo. Usisumbuke kuomba ruhusa kazini, yeye mwenyewe kasema usisumbuke.

Na kwa vile kila tukipumua huku unapata taarifa huko, nimechomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta. Gemu linacheza vizuri tu bila mtandao. Sasa hutaona tumeamka saa ngapi wala nani kakalia kiti cha nani. Ukitaka kujua hali ya baba utaniuliza mimi, kama watu wengine wanavyoniuliza.

Mabehewa yako ya mapazia yalikuwa hayajamaliza kujipakua nilipochomoa. Pole.

Bibi Afya


5 Februari

Wewe mtoto,

Umenizimia taa. Ndivyo ninavyoweza kusema. Siku nne za mwanzo nilikuwa natoa simu mfukoni kila dakika, mpaka msimamizi akanihamishia kwenye mashine za kukaushia, ambako simu haziruhusiwi. Roho imeniuma, na sitaki kukuficha kwamba imeniuma. Una baba asubuhi, mchana na jioni. Unajua leo kavaa shati gani. Hiki kidogo nilichokuwa nacho, nacho umekitaka.

Haya. Nimenunua laptopu ya mitumba kwa dada wa mapokezi. Akaunti ni yangu, nimeingia. Nikakuta Reli ya Nyumbani imehifadhiwa mtandaoni, ile ya mpaka siku uliyochomoa waya. Nikaifungua. Gemu likaniambia kuna modi hazipo kwenye kompyuta hii, vitu vitakosekana, niendelee? Nikabonyeza endelea. Mtu mzima haulizwi mara mbili.

Kumbe reli yenu ni upara! Hakuna injini, hakuna stesheni hata moja, ni vyuma tu vimelala kwenye majani na vibao visivyo na maandishi. Nikacheka peke yangu chumbani. Hiki ndicho ulichokuwa unanitambia?

Basi nimemjengea baba. Mimi, ambaye sijawahi kutandika hata reli moja, nimekaa Jumamosi nzima na leo yote. Nimeweka stesheni za kulipia, zile zenye paa la vioo. Nimeingiza mabehewa ya mapazia. Nimevuta reli kutoka ile tambarare yenu mpaka kwenye milima yangu, ikapanda, ikapitia kwenye theluji. Daraja moja limepinda kidogo, nimejaribu kulinyoosha mara nyingi likakataa, nikaliacha. Nimehifadhi. Sasa iko mtandaoni, imekalia pale pale ilipokuwa yenu. Akirudi kutoka hospitali, chomeka waya afungue. Aone na mimi nina mikono.

Kasuku


15 Februari

Dada,

Kaa chini kwanza.

Nilikudanganya. Upasuaji haukuwa mdogo. Wametoa uvimbe pamoja na kisanduku cha sauti. Baba amepona, anakula uji, goti ndilo linamsumbua kuliko koo. Lakini hatazungumza tena. Alijua tangu Desemba. Ndiyo maana alikuwa haji kwenye simu, sauti ilikuwa imebaki kama mtu anayekwangua sufuria, naye alisema Kasuku akisikia hivi atapanda ndege ya kwanza na kazi itapotea. Aliniapisha. Nikakuficha kwa sababu aliniapisha, na nisikudanganye tena, kidogo nilifurahi kwamba kuna siri yake ninayo mimi na wewe huna.

Sasa sikiliza kuhusu gemu.

Kuna modi nyingine ya Nati Legevu ambayo sikukuambia. Inakuruhusu kuweka sauti yako mwenyewe kwenye stesheni. Unaongea kwenye kipaza sauti, treni ikikaribia stesheni unasikia tangazo kwa sauti yako. Nilipomwonyesha baba, macho yalimtoka. Basi ndiyo kazi aliyokuwa anafanya muda wote huo uliokuwa unaniuliza nani anaendesha. Siku nilizokuambia amelala, alikuwa anarekodi. Ile Alhamisi ya hospitali tulikwenda, tukarudi mapema, akaenda moja kwa moja kwenye kiti na kofia yake kichwani. Alipanga stesheni moja moja, kila moja akaipa jina la kitu chetu cha nyumbani, akasubiri saa ambazo koo limelegea, akarekodi. Tangazo lingine alilirudia mpaka likamridhisha. Alimaliza la mwisho siku mbili kabla ya kulazwa. Akaniambia, kwa hiyo sauti ya kukwangua, "Sasa wakate."

Zile sauti hazikai kwenye folda ya modi. Zinakaa ndani ya faili la reli yenyewe.

Jumapili nilichomeka waya. Sikuchomeka kwa ajili ya daraja lako. Nilichomeka ili uweze kumwona baba kwenye kioo cha kompyuta, kwa kuwa simu haina maana tena kwake. Nilitaka kukufanyia jambo zuri, dada. Nilikuwa jikoni nachuja uji. Yeye akafungua gemu. Likamuuliza, kuna reli mbili, moja ya hapa na nyingine ya mtandaoni, hazifanani, unataka kubaki na ipi? Ile nyingine itafutwa.

Akachagua yako.

Niliingia na bakuli nikakuta theluji. Nikamuuliza, baba, umebonyeza nini? Akachukua kile kibao chake cha kuandikia, akaandika: "Nataka kuona alichojenga."

Nikamwambia baba, sauti zako! Akaandika: "Mmenisikia sana nyinyi."

Sijui kama alielewa kwamba zinafutika kabisa au alidhani zitabaki mahali. Nimemuuliza mara ya pili akajifanya hanioni. Jirani fundi wa kompyuta kaja, kapekua kila folda, hakuna kitu. Mimi ndiye niliyemwekea honi, nikamwekea kipaza sauti, nikamshikia kikombe cha maji ya vuguvugu kati ya tangazo na tangazo. Wewe umekuja na daraja lililopinda, na yeye akaitupa sauti yake mwenyewe ili apite juu yake. Analipita sasa hivi, ninavyokuandikia. Anapunguza mwendo akifika pale, anatikisa kichwa, anacheka bila sauti.

Sikuchukii. Labda leo tu.

Bibi Afya


19 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna mahali pa kukaa kwenye chumba cha mashine. Nimeirudia chumbani.

Nilibonyeza endelea. Gemu liliniambia vitu vitakosekana, nami nikabonyeza kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu. Hakuna jina lingine. Nilikuwa nakuonea wivu wa kumvalisha baba soksi.

Jana tulipoonana kwenye kioo alinionyesha kibao, ameandika: "Daraja bovu. Mlima mzuri." Nikacheka, nikazima kamera nikasingizia mtandao.

Nisikie tu jambo moja, na usikasirike. Mara ya mwisho mimi kusikia sauti yake ni Novemba, aliniuliza kama huku kuna baridi, nikamwambia niko kazini nitapiga baadaye. Basi. Matangazo yote hayo umeyasikia wewe peke yako. Hata katika kufutwa kwake bado ni ya kwako, yako kichwani mwako, mimi sina hata la kusahau. Unaona nilivyo mbaya? Baba kapoteza sauti, na mimi nakuonea wivu kwa kuikumbuka.

Niandikie alichosema. Stesheni zote, kama alivyosema, na utani wake wote. Usinirembee.

Kasuku


23 Februari

Dada,

Nimekaa kwenye cherehani, mashine imezimwa, nayasikia kichwani. Naandika.

Treni ikitoka tu, stesheni ya kwanza ni Mlango wa Bluu, mlango wetu wa zamani. Alisema: "Abiria, tumeondoka Mlango wa Bluu. Aliyesahau funguo asitegemee mama atamfungulia mara ya pili." Hilo alilisema kwa ukali wa uongo, ule wa kutufukuza kitandani.

Inafuata Rudisha Ngazi. "Kituo hiki kinaitwa Rudisha Ngazi. Kama jirani yangu yumo kwenye behewa, anajijua." Hapo nilicheka mpaka nikaharibu rekodi ya kwanza. Akaniambia nitoke nje, mfanyakazi asiye na nidhamu.

Kuna Kona ya Mama, pale reli inapopinda karibu na mto. Lile alilirudia kuliko yote. "Kona ya Mama. Madirisha upande wa kulia, tafadhali, watu wapunge mikono." Hakuna zaidi. Alipomaliza akaomba maji.

Inafuata Goti. "Stesheni ya Goti. Treni itachelewa hapa, hakuna atakayeelezwa sababu."

Kuna Sare za Shule, hiyo ni kwa ajili ya chumba changu cha mbele. "Abiria waangalie pini sakafuni." Na mwisho wa njia ya upande kuna karakana, ameiita Bibi Afya. "Hapa ni Bibi Afya. Abiria wote mteremke. Injini inalala hapa, na dereva anabaki." Ndivyo nilivyopewa, dada. Karakana. Mahali pa kuoshea injini na kumwaga oili chafu. Nilijua tu.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Sijayaremba.

Asubuhi hii kapanda mlima wako mpaka kileleni, amevaa soksi bila kuambiwa.

Bibi Afya


28 Februari

Mdogo wangu,

Asante. Nimeyasoma kwa sauti nikijaribu kumwigiza, mwenzangu wa chumba akadhani naumwa. Hilo la ngazi limenivunja mbavu. La mama sijaweza kulisoma kwa sauti.

Unalalamikia karakana! Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Abiria wote wanateremka, dereva anabaki. Anabaki wapi? Kwako. Ningepewa mimi hiyo karakana ningeichonga mlangoni. Wewe umepewa, umeona oili chafu.

Nimetafuta tangazo langu. Nimeisoma barua yako juu chini, nikidhani labda umelitaja kwa jina lingine. Halimo. Ni sawa. Niliondoka, reli haiwezi kufika kila mahali, na mtu anarekodi yaliyo karibu naye. Nimejiambia ni sawa tangu juzi, na bado sijazoea.

Nimebadilisha neno la siri la akaunti, nimeliandika hapa chini. Sasa ni yenu. Nimeiondoa kwenye simu yangu. Cheza naye, muwekee injini yake nyekundu tena, na ukiweza muulize Nati Legevu kama ana njia ya kunyoosha madaraja. Habari za baba nitakuuliza wewe, kama watu wengine.

Usijisikie vibaya kwamba kituo changu hakikuwepo. Si kosa lako.

Kasuku


2 Machi

Dada yangu,

Kilikuwepo.

Nilipokuandikia siku ile nilikiruka. Kalamu ilifika pale ikasimama, nikajiambia amesikia nani zaidi yangu? Faili limefutwa, baba haongei, na hata akikumbuka hataandika sentensi ndefu hivyo kwenye kibao. Ningekaa nacho mpaka kufa na hakuna ambaye angejua. Nilikitaka. Wewe una theluji, una mlima, una baba aliyefuta sauti yake ili aone daraja lako, na hata tangazo zuri kuliko yote lilikuwa lako. Nikasema hili moja nitalibakiza huku.

Halafu umeniandikia kwamba si kosa langu. Nimeshindwa kushona tangu jana. Nimeshona mkono wa shati kwenye mfuko.

Ni stesheni ya mwisho, ile aliyoirekodi siku mbili kabla ya kulazwa. Aliijenga mbali kabisa na nyingine, reli inakwenda peke yake kwenye majani mpaka unadhani umepotea. Sauti ilikuwa karibu imekwisha, alikuwa anapumzika kila baada ya maneno machache, ndiyo maana naikumbuka vizuri. Hakutaka niifute aanze upya. Alivua kofia, akasogea karibu na kipaza sauti, akasema:

"Kituo hiki kinaitwa Kasuku. Kwenye ratiba hakimo. Treni itasimama hapa mpaka abiria wangu mmoja apande, na nawaomba wengine msiniulize tutaondoka saa ngapi. Hata mimi sijui. Nitapiga honi akifika."

Mdogo wako